Ukihamia Montgomery, uliza shule kabla ya kupanga nyumba

Wazazi wanaohamia kaunti ya Montgomery, Maryland, pembeni mwa Washington, huniuliza shule nzuri ni ipi. Nami huwauliza: mmeshapanga nyumba? Shule ya umma huku haichaguliwi kwa alama za mtihani. Mtaa unaolala ndio unaoamua mtoto wako asome wapi.

Kaunti nzima ni wilaya moja ya elimu, yenye shule zaidi ya 200 na wanafunzi wapatao 160,000. Maryland yote ina wilaya 24 tu, wakati katika jimbo la Illinois zinapita 800. Bodi ya Montgomery ina wajumbe wanane, na mmoja wao ni mwanafunzi aliyechaguliwa na wanafunzi wenzake, mwenye kura hata kwenye bajeti. Hilo hunifurahisha kila mwaka. Lakini bodi hiyo haina mamlaka ya kutoza kodi. Huandaa bajeti, ikaipeleka kwa baraza la kaunti, na baraza ndilo linaloamua fedha za kaunti ni kiasi gani. Mzazi anayelilia walimu zaidi akiishia kwa mwalimu mkuu, amebisha mlango usio wenyewe.

Usidhani utajiri wa eneo hili uliwafikia wote tangu mwanzo. Mwaka 1936 William Gibbs, mkuu wa shule ya watoto weusi mjini Rockville, aliishitaki bodi kwa sababu alilipwa dola 612 kwa mwaka, huku mzungu wa cheo kama chake akipata zaidi ya mara mbili. Wakili wake alikuwa kijana Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka uliofuata kaunti ilikubali kusawazisha mishahara. Jengo lililokuwa makao makuu ya wilaya kwa miaka mingi lilianza maisha mwaka 1951 kama Carver, sekondari ya weusi peke yao. Kila nikipita pale nasimama kidogo.

Kuandikisha mtoto kunahitaji uthibitisho wa umri, chanjo na makazi. Hati za uhamiaji si sharti: tangu 1982 Mahakama Kuu ya Marekani imezuia shule za umma kumnyima mtoto nafasi kwa ajili ya hizo. Na kama mmejibanza kwa shangazi, mkataba wa nyumba hauna jina lenu, msikate tamaa. Ipo fomu ya wanaoishi nyumba ya mtu mwingine. Ombeni hiyo.