Ukurasa wa "Tunajifunza nini?" hauokoi kinyonga

Mswada mwingine tena wa kitabu cha picha cha watoto umefika mezani kwangu. Hadithi ya kinyonga, kurasa 24, na ukurasa wa mwisho una kile kisanduku chenye fremu ya maua: "Tunajifunza nini? Tunajifunza kuwapenda viumbe wote." Ukirudi ukurasa wa 9, mtoto yuleyule anayetufunza upendo kamshika kinyonga mkia, anamning'iniza juu ya kanga ya mama yake aone kama atakuwa mwekundu. Na mchoraji kamchora kinyonga anacheka!

Nimechoka na imani hii kwamba wema kwa viumbe hufundishwa na sentensi, na picha ni pambo la kuuzia kitabu. Mtoto wa miaka minne hasomi. Anayesoma ni mama, au dada, au mwalimu wa chekechea, na huyo akiwa anahangaika na maneno, mtoto yuko kwenye picha anasoma ya kwake. Anatazama mikono: nani kamshika nani, kamshika wapi. Maneno yakisema "tuwaache ndege porini" huku picha inaonyesha kinda wa shomoro kakumbatiwa kifuani, umechapa vitabu viwili ndani ya jalada moja, na mtoto ataondoka na kile cha picha. Kisanduku cha maua hakitamrudisha.

Tukae na kinyonga kidogo, maana ndiye anayeonewa kuliko wote. Kwanza, hageuki rangi ili afanane na kitambaa. Rangi yake hufuata joto, mwanga na hali ya moyo wake. Asubuhi ya baridi hukolea ili anyonye jua; akiogopa au akikutana na dume mwenzake hubadilika pia. (Wanasiasa wanaoitwa vinyonga ndio wanaofanana na kitambaa, mnyama mwenyewe anasingiziwa.) Kwa hiyo kile kichekesho kinachopendwa na kila mchoraji, kinyonga aliyegeuka mirabamiraba juu ya shuka la Kimasai, si kosa dogo la sayansi. Ni maelekezo. Mtoto akikutana na kinyonga kwenye ua wa shule, atafanya jaribio alilolionyeshwa, tena kwa vitambaa vitatu.

Kinyonga mwenye hofu ana sura yake, nayo inachorwa bila shida: mwili umebapa na kuvimba, koo limetanuka, rangi imekolea, mdomo wazi. Wachoraji wetu huuona ule mdomo wazi wakachora tabasamu. Ndiyo picha ya kuanzia, kwa sababu mtoto akijua kusoma sura hiyo hahitaji kuambiwa asiguse. Mimi ningeipanga hivi. Ukurasa wa kulia: kinyonga katulia kwenye tawi, na kivuli cha mkono kinaingia kutoka pembeni. Basi, mtu mzima ageuze. Hapa kavimba, mdomo wazi, anajaza kurasa zote mbili. Geuza tena: mtoto kachuchumaa, mikono iko nyuma ya mgongo, kinyonga rangi imeanza kumrudia, jicho moja linamtazama mtoto na jingine linamtazama nzi. Maneno yasizidi 20 kwa kurasa zote hizo. Mikono nyuma ya mgongo ndiyo somo zima, na watoto huiga mkao haraka kuliko wanavyokariri methali.

Mchore basi kinyonga wa hapa. Ukiwa Arusha, Mlima Meru una kinyonga wake wa pembe tatu, dume lake linafanana na kifaru aliyezidisha, na jike huzaa watoto hai. Ukimchorea kiota cha mayai umekosea. Kilimanjaro kuna yule ambaye dume lake lina pembe mbili bapa puani. Jenasi yake, yaani kundi la vinyonga ndugu zake wa karibu, ilipewa jina la kisayansi mwaka 2006, Kinyongia, kutoka neno letu hilihili, na bado tunanunua michoro ya vinyonga wa Madagaska kwenye intaneti. Wa tambarare za Moshi, yule wa kijani mwenye mikunjo kisogoni, hutaga mayai. Jike hushuka chini kuchimba shimo, na safari hiyo humweka njiani miguuni pa watu. Hadithi iko hapo, imelala, hakuna anayeiokota: mama anavuka njia polepole, na watoto wanasimama kumsubiri apite.

Vidole! Miguu ya mbele ina vidole vitatu upande wa ndani na viwili nje, ya nyuma ni kinyume chake. Inabana tawi kama koleo. Mchoraji akimpa makucha ya paka, kinyonga anaonekana anarandaranda juu ya tawi, na mtoto haelewi kwa nini ukimvuta kwa nguvu unamuumiza.

Wengine nawapitia haraka. Mbega hana kidole gumba, au ana kinundu tu, na chakula chake hasa ni majani. Kwa hiyo mbega wa vitabuni mwenye vidole vitano na ndizi mkononi ni tumbili aliyevaa koti la kuazima. Tena tumbili naye asichorwe akilishwa ndizi na mtoto. Akizoea kulishwa ataanza kunyang'anya, na siku akimng'ata mtu ndiye atakayeuawa. Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini hajaachwa, wazazi wake wako karibu. Mchoreni mtoto akimfukuza paka, si akimnywesha maziwa. Kinda asiye na manyoya hurudishwa kiotani, na mama yake hamkatai kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Miti ya tufaha yenye uso wa kibibi, hapana. Mringaringa upo, mruka upo, mgomba uko kwenye kila kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga. Ila jihadharini na majina ya Kichaga: ya Machame na ya Rombo yanaweza yasifanane, na bibi mmoja tu akikataa neno, kitabu kimeshuka heshima.

Mambo ya mashine. Kitabu cha pini, kilichobanwa kwa pini katikati ya mkunjo, lazima kurasa zigawanyike kwa 4, hivyo kisanduku chenu cha funzo kinakula nafasi ya picha, hakuna ukurasa wa bure. Jicho la mnyama liwe angalau milimita 10 kutoka kwenye mkunjo, la sivyo linamezwa. Kijani kikali cha kwenye skrini hufifia kikichapwa kwa wino, na hapo kinyonga wa kijani kwenye jani la kijani anapotea kabisa. Piga picha ukurasa kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama kinyonga haonekani hapo, mtoto aliyekaa mkeka wa nyuma naye hatamwona. Dawa yake ni kutofautisha giza na mwanga, si kuongeza kijani.

Kuna linaloninyima usingizi, hata hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa Toronto, Kanada, waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi moja ya kugawana vitu, wengine wahusika wakiwa watu, wengine wanyama wanaoishi kama watu. Waliosomewa ya watu ndio waliogawa stika zao zaidi baadaye. Sasa sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi tufanyeje? Kugawa stika si kumwacha kinyonga apite, na watoto wa Kanada si wa Sanawari hapa Arusha, lakini siwezi kujifanya sikuisoma. Tangu hapo kwenye miswada inayopita kwangu mnyama hasemi. Anayesema, kama yupo, ni mtoto. Sungura abaki kwenye ngano, ambako ujanja ni kazi yake.

La pili ni gumu zaidi. Mtoto aliyempenda kinyonga wa kitabuni hukaribia kila kitu kilichotulia kwenye tawi, na matawi yetu yana nyoka pia. Ndiyo sababu nyingine ya ile mikono nyuma ya mgongo, na ya kumchora mtoto mbali na tawi kuliko mchoraji anavyopenda. Atalalamika kwamba ukurasa umepwaya. Acha upwaye.

Kabla hamjanitumia mswada, fanyeni jambo moja. Funikeni maneno yote kwa karatasi, mpeni mtoto wa miaka mitano asiyekijua kitabu, mumuulize kila ukurasa, "Huyu anafanya nini?" Akijibu "anamchezea", chora upya. Na ule ukurasa wa kisanduku mwekeni kinyonga mmoja kwenye tawi, ukubwa wake halisi, bila neno hata moja, mtoto aweke kidole chake kando aone nani mdogo.