Kura ya Maoni ya Katiba: Je, Sauti ya Zanzibar Itamezwa na Bara?

Katika mabaraza ya Unguja na Pemba, kila inapotajwa Katiba mpya ya Jamhuri ya Muungano hurejea dai kwamba Wazanzibari hawana haja ya kupiga kura, kwa kuwa wingi wa watu wa Bara utawameza. Hesabu ya watu yaonekana kulitetea dai hilo: sensa ya 2012 ilipata watu takriban milioni 44.9 nchini kote, na Zanzibar ilikuwa na kama milioni 1.3 tu. Lakini kura ya maoni haikupangwa kuhesabiwa kwa fungu moja. Sheria iliyotungwa kwa ajili yake ilitaka Katiba iungwe mkono na zaidi ya asilimia 50 ya kura zilizopigwa Bara, na vilevile zaidi ya asilimia 50 ya kura zilizopigwa Zanzibar, hivyo kwamba hata Bara nzima ikikubali, Katiba isipite iwapo Zanzibar imekataa. Ulinzi huo ni mkubwa, na inasikitisha kuona wengi wetu hatuujui.

Kwa sababu hiyohiyo, si kweli kwamba kubaki nyumbani ni namna ya kukataa. Asilimia hutolewa katika kura zilizopigwa. Asiyepiga huwaachia waliokwenda kituoni wamuamulie.

Wapo wanaoamini kwamba wangeulizwa juu ya rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyopendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Sivyo. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu la Katiba mwezi Oktoba 2014 baada ya wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, kususia vikao tangu Aprili, ilirejea kwenye serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, na andiko hilo ndilo la kusomwa kabla ya kusema ndiyo au hapana. Wala kupitishwa huko hakukulifanya kuwa sheria: kura iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na Katiba ya 1977 ikaendelea kutumika.

Husemwa pia kwamba Zanzibar ilijipatia Katiba mpya kwa kura ya 31 Julai 2010. Kura ile, ambayo asilimia 66.4 walikubali, ilihusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama kugawana madaraka serikalini. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilirekebishwa tu, haikuandikwa upya. Hata hivyo, marekebisho hayo yaliweka sharti kwamba baadhi ya vifungu vyake visibadilishwe na Baraza la Wawakilishi mpaka Wazanzibari wenyewe waulizwe kwa kura ya maoni.