Mwaka 1593 Ukiandikwa kwa Mfumo wa Nane

Wareno walianza kujenga Fort Jesus, ngome ya Mombasa, mwaka 1593. Tuichukue nambari hiyo tuiandike kwa tarakimu nane pekee, 0 hadi 7. Tunagawanya kwa 8 mfululizo na kuweka kila baki: 1593 kwa 8 ni 199 baki 1, 199 kwa 8 ni 24 baki 7, 24 kwa 8 ni 3 baki 0, mwisho imebaki 3. Tukiyasoma mabaki kuanzia la mwisho tunapata 3071. Nambari ni ileile, ila maandishi haya yanaweka wazi mambo ambayo mfumo wa kumi unayafunika.

Kompyuta inapendezwa na maandishi haya kwa sababu kila tarakimu ni biti tatu kamili (biti ni tarakimu ya 0 au 1): 3 ni 011, 0 ni 000, 7 ni 111, 1 ni 001. Ndege za abiria zinazotua Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, hutambulishwa kwenye rada kwa msimbo wa tarakimu nne za aina hii, yaani biti 12, na misimbo yote ni 4096. Rubani aliyepatwa na dharura huweka 7700. Aliyepoteza mawasiliano ya redio huweka 7600. Humo hamna 8 wala 9.

Turudi kwa 3071. Tarakimu ya mwisho ndiyo baki la kugawanya kwa 8, basi hiyo peke yake inakuambia kama nambari ni shufwa au witiri, na kama inagawanyika kwa 4.

Jumla ya tarakimu inaonyesha baki la kugawanya kwa 7. Shuleni tulifundishwa kupima kama nambari inagawanyika kwa 9 kwa kujumlisha tarakimu, na kanuni hiyo inafanya kazi kwa kuwa 10 kwa 9 hubaki 1. Hapa 8 kwa 7 ndiyo inayobaki 1. Jumlisha 3, 0, 7 na 1: ni 11, na 11 kwa 7 hubaki 4. Jaribu 1593 kwa 7, utapata 227 baki 4. Ukitaka kupima 9, toa na kujumlisha kwa zamu kutoka kulia: 1 − 7 + 0 − 3 = −9. Kwa hiyo 1593 inagawanyika kwa 9 bila baki.

Sifa ninayoipenda kuliko zote ni ya miraba. Kwa mfumo huu, mraba wa nambari yoyote witiri huishia kwa 1: 9 huandikwa 11, 25 huandikwa 31, na 1521, mraba wa 39, huandikwa 2761. Sababu yake ni nzuri mno. Ukitoa 1 kwenye mraba huo, kinachobaki ni zao la shufwa mbili zinazofuatana, na mojawapo lazima igawanyike kwa 4. Basi zao lote linagawanyika kwa 8. Lakini usigeuze kanuni: 3071 inaishia kwa 1 na si mraba, maana 1593 iko kati ya 1521 na 1600.

Miraba ya shufwa huishia kwa 0 au 4. Changanya 0, 1 na 4 tatu tatu upendavyo, jumla haitaishia kwa 7 kamwe. Kwa hiyo nambari inayoishia kwa 7 haiwezi kuwa jumla ya miraba mitatu. Mfano ni 15, ambayo huandikwa 17: inahitaji miraba minne, 9, 4, 1 na 1.