Kama mnainua akina mama, mbona gauni ni 4,500?

Naomba tulimalize hili leo, maana juzi kwenye maonyesho nimeulizwa tena kwa nini gauni tunaloshona kwenye karakana yangu hapa Nairobi ni shilingi 4,500, na aliyeuliza ni mtu anayependa kazi zetu kwa dhati. "Dada, si mnasema mnainua akina mama? Basi uzeni rahisi ili nao wapate."

Wapate nini? Bei ikishuka, yule anayeniuzia kitambaa Biashara Street hanipunguzii kwa sababu nina nia njema. Mwenye nyumba hapunguzi. Tokeni za stima hazipungui. Anayebaki wa kukatwa ni mmoja tu, aliyekaa kwenye cherehani. Kwa hiyo unaponiambia niuze rahisi kwa ajili yake, unaniambia nimnyang'anye yeye nikupe wewe.

Tupige hesabu. Chukua gauni la kitenge lenye bitana na zipu mgongoni. Kitenge cha 300 kwa yadi, linakula yadi 3 na nusu: 1,050. Bitana, zipu, uzi na kitambaa cha kugandisha shingo: 350. Fundi ambaye mshahara wake ukiugawa ni 1,000 kwa siku hushona mawili ya namna hiyo kwa siku, yakatoka safi: 500 kwa kila gauni. Kukata, kukunja pindo kwa mkono, kupiga pasi na kukagua: 250. Kodi ya chumba, stima na matengenezo ya mashine: 400. Patani (karatasi za kukatia) na sampuli, ukizigawa kwa magauni yote ya mtindo huo: 200. Jumla 2,750.

Utasema basi nabaki na 1,750. Ningekuwa nauza yote mlangoni, sawa. Lakini maduka mengi ya mitindo hapa Nairobi huchukua nguo kwa mali kauli, yaani hulipa baada ya kuuza, na hubaki na thuluthi ya bei, mengine zaidi. Hapo mkononi napata 3,000. Ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo kama yangu ni asilimia 3, nao huhesabiwa kwenye mauzo yote ya 4,500, faida iwepo isiwepo: 135. Zimebaki 115. Bado sijatoa mchango wangu wa NSSF (akiba ya uzeeni) kwa fundi, wala tozo ya nyumba ambayo mwajiri hutoa, asilimia 1.5 ya mshahara, wala sijalihesabu lile la saizi 18 litakalokaa kwenye henga mpaka Agosti.

Halafu mtu anasema: soko la mitumba la Gikomba napata gauni kwa 200. Ndiyo, unapata, na mara nyingine zuri kweli. Lakini aliyelishona alilipwa kitambo, nchi nyingine, na aliyelinunua mara ya kwanza ndiye aliyebeba gharama. Ile 200 inalipia meli, belo, mbebaji na mama aliyeamka alfajiri kufungua na kuchambua. Ni kazi halali na siipigi vita. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, wengi walidhani sisi wabunifu tungeshangilia. Mimi nilifikiria wale akina mama wa Gikomba na Toi wangekwenda wapi. Ninachokataa ni kulinganisha bei ya nguo ambayo mshahara wake ulishalipwa na ile ambayo mshahara wake ndio kwanza unadaiwa.

Na fundi wa mtaani anayekushonea kwa 1,200? Kitambaa umeleta wewe, kipimo ni chako peke yako, hana akiba ya saizi, na siku akiugua hakuna anayemlipa. Bei yake ni ya kweli kwa kazi yake, ila usinitumie yeye kunipima mimi.

Sasa kuhusu kitambaa, hapa nitakaa kidogo. Watu huona yadi 3 na nusu wakadhani tunapoteza. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, na vingi vina ruwaza yenye mwelekeo: ndege wote wanatazama juu. Huwezi kugeuza kipande cha patani kichwa chini ili kubana nafasi, maana mkono mmoja utakuwa na ndege wanaoanguka. Kisha kuna maduara yale makubwa. Mkataji wetu hutandaza kitambaa, hulaza karatasi ya kifua, hurudi nyuma hatua mbili, hutazama, kisha huisogeza inchi tatu ili maduara mawili yasije yakakaa juu ya matiti. Mgongoni zipu inalipasua ua katikati, na nusu zake lazima zikutane zipu ikifungwa. Hizo inchi tatu za hapa na nne za pale ndizo nusu yadi unayoiona kama hasara. Mkataji asiyejali angeibana, na ungeona kuna kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Saizi nayo: jedwali za vipimo tulizofundishwa nazo ni za Ulaya, na tofauti ya kiuno na nyonga za wateja wangu haimo. Ukizifuata, kila gauni litarudi kupunguzwa kiuno. Ndiyo maana patani huchukua sampuli kadhaa, na kila sampuli ni kitambaa kilichokatwa ambacho hakiuzwi.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Wafadhili, na baadhi ya wanunuzi wa nje, huniomba picha ya fundi na hadithi yake: alikotoka, ana watoto wangapi, mume yuko wapi. Niibandike kwenye lebo. Sibandiki. Mwanamke anayetia zipu isiyoonekana kwenye kitenge kilichogandishwa bila kukunjamana ana ujuzi ambao ni wachache wanao mji huu, na ninamlipa kwa ujuzi huo. Mambo ya nyumbani kwake hayako kwenye bei. Tena hili si jambo geni Nairobi. Kazuri ilianza kule Karen mwaka 1975, Susan Wood akiwa na wanawake wawili wakitengeneza shanga za udongo, na shanga hizo zikauzwa dunia nzima kwa sababu ni nzuri. KikoRomeo, wabunifu wa mavazi, wapo tangu 1996. Anayevaa huvaa kwa sababu nguo imemkaa.

Lakini tusijidanganye kwamba kulipa vizuri ni jambo rahisi kulijua. Kila semina nitakayohudhuria itaniambia kumlipa fundi kwa kila nguo anayoshona ni unyonyaji, kulipa kwa mwezi ni haki. Sasa njoo Desemba. Mafundi wenyewe ndio wanaoomba kulipwa kwa nguo, kwa sababu mwepesi hutengeneza hela nzuri, na mwenye mtoto kliniki huja saa nne akaondoka saa nane bila kuomba ruhusa. Mpaka Januari ifike, oda zikauke. Hapo anayelipwa kwa nguo halipwi chochote, na baridi yote ya biashara yangu imemwangukia yeye. Kwetu tumeweka mshahara wa mwezi, juu yake nyongeza kwa kila gauni linalozidi kiwango. Nyongeza nayo ina ubaya wake: mwisho wa mwezi mikono inakimbia, mishono inavutana, na lazima mtu afumue. Tumekubaliana kufumua hufanywa ndani ya saa za kazi zinazolipwa. Je, ndiyo njia sahihi? Sina hakika. Ni njia ambayo mafundi wote waliikubali tulipoketi, na tutaketi tena.

Na vipande vinavyobaki. Tunavishona vibanio vya nywele, mikoba, mashuka ya viraka. Vinapendwa. Lakini kibanio kinachukua muda wa fundi karibu sawa na kutia kola, na kinauzwa 150, kwa hiyo kwa kweli gauni ndilo linalokilipia. Bado tunavitengeneza, maana nimeona vitambaa vilivyokwama kingo za mto pale Gikomba, na sitaki vyangu viongezeke. Ila nisikilize mtu akiniambia hiyo ni biashara endelevu? Hapana.

Kuna pingamizi moja ambalo sijalishinda. Rafiki anayefanya kazi kwenye viwanda vya EPZ Athi River, vinavyoshona nguo za kuuza nje, aliniambia: kule wanawake ni maelfu, kwako ni chumba kimoja, ukilipa nusu utaajiri mara mbili. Kwa hesabu, hakosei. Najibu kwamba wangu wanajua kukata, kushona na kumalizia nguo nzima, na wawili wameshatoka wakafungua karakana zao, wakati kule mtu anaweza kushona mfuko huohuo mwaka mzima. Lakini yule dada anayepita kila Jumatatu kuuliza kama kuna nafasi, jibu langu halimpi kazi.

Kwenu mnaoanza, jambo moja la haraka. Kabla hujaacha nguo dukani kwa mali kauli, pata tarehe ya malipo kwa maandishi. Fundi hulipwa mwisho wa mwezi. Duka likilipa baada ya miezi miwili, limekopa kwako, na ikifika tarehe 30 utajikuta unatafuta maneno ya kumwambia fundi asubiri.