Tairi la mashindano si tairi lililokwisha

Ujumbe huu haufi kwenye magrupu ya bodaboda hapa Tanga: picha ya pikipiki ya mashindano yenye tairi kipara, na chini yake maneno kwamba tairi likiisha ndipo linashika lami vizuri, kwa hiyo usipoteze hela kununua jipya.

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana unanasa watu. Kwenye lami kavu, tairi lisilo na mifereji hugusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Lakini lile la mashindano limetoka kiwandani hivyo: mpira wake unanata, hupashwa moto kwa blanketi za umeme kabla ya kuingia uwanjani, na huchakaa haraka mno. Na mvua ikinyesha? Madereva wa mashindano wanafunga matairi yenye mifereji. Picha ya siku hiyo huletewi.

Tairi lako lililoisha ni mpira mgumu, mwembamba, uliozeeka juani. Masika yakija, maji hayana pa kutokea na pikipiki inateleza. Kagua mwenyewe: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo, kashata (mpira uliosimama kati ya mifereji) zikilingana navyo, badilisha. Ubavuni tafuta tarakimu nne zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Ukiletewa tena ujumbe huo, usiusambaze. Mwulize kwa upole aliyeutuma: siku ya mvua wanafunga lipi?