Nusu uhai wa dawa na mambo mawili yanayouamua

Nusu uhai ni muda ambao kiwango cha dawa kwenye damu huchukua kupungua kwa nusu. Kikiwa miligramu 20 kwa lita saa mbili asubuhi, na saa nne kikawa 10, basi nusu uhai ni saa mbili. Saa sita utakuta 5, saa nane 2.5.

Maana hiyo mwanafunzi wa famasi huikariri kwa siku moja. Shida huanza wodini, anapoichukua namba ya kitabuni kana kwamba ni tabia ya dawa isiyobadilika. Nusu uhai ni matokeo tu. Kinachouamua ni ujazo wa mtawanyiko, yaani dawa imesambaa kwa upana gani mwilini, na usafishaji, yaani lita ngapi za damu zinaondolewa dawa kila saa. Zidisha ujazo kwa 0.693, kisha gawanya kwa usafishaji.

Chukua gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mgonjwa wa kilo 60 aliyelazwa hapa Moshi. Ujazo wake ni kama lita 0.25 kwa kila kilo, jumla lita 15. Figo zikiwa nzima, usafishaji ni takriban lita 5 kwa saa, hivyo nusu uhai ni saa 2.1. Dozi ya miligramu 300 inampa 20 kwa lita, na kesho yake asubuhi dawa imekwisha kutoka.

Figo zikichoka na usafishaji ukashuka hadi lita 1.25, nusu uhai unafika saa 8.3. Baada ya saa 24 bado kuna miligramu 2.7 kwa lita, na sisi tunataka chini ya 1, kwa sababu dawa inayobaki huumiza figo zilezile pamoja na sikio la ndani. Hata saa 36 kiwango ndiyo kwanza kinagusa 1. Kwa hiyo sogeza dozi ya pili hadi saa 48 na upime damu kabla ya kuitoa. Dozi ya kwanza usiiguse: ujazo haujabadilika, na ukiipunguza unawaachia bakteria nafasi. Kosa hili ni la kawaida mno, tena ni la hatari.

Mwingine figo zake ni nzima ila amevimba mwili, ujazo umefika lita 20. Nusu uhai wake ni saa 2.8, nao umerefuka. Lakini huyu hahitaji kucheleweshewa dozi. Miligramu 300 zinampa 15 tu kwa lita, kwa hiyo anahitaji 400. Anayetazama nusu uhai peke yake atawatibu wagonjwa hawa wawili namna moja.

Dawa ya kila siku hufikia kiwango tulivu, yaani kinachoingia kinalingana na kinachotoka, baada ya nusu uhai nne hadi tano. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ambayo nusu uhai wake kwa mtu mzima ni kama siku nne, huhitaji takriban wiki tatu. Ukipima siku ya nne unakuta nusu ya kiwango kitakachofikiwa, na ukiongeza dozi hapo mgonjwa atasinzia baadaye.

Hata ratiba ya dozi haitokani na nusu uhai pekee. Kwenye dawa mseto ya malaria, artemeta hubaki saa chache, lumefantrini siku kadhaa. Mkulima wa mpunga wa Chekereni anaweza kuuliza kwa nini ameze dozi sita ndani ya siku tatu. Sababu ni kwamba utumbo hufyonza lumefantrini kidogo kidogo, na bila mafuta hufyonza kidogo zaidi. Mwambie ameze pamoja na chakula au maziwa, na amalize zote hata kama homa imeshuka.

Kwa fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, fomula ile ya nusu uhai iweke kando. Vimeng'enya vya ini hujaa, usafishaji hushuka kadiri kiwango kinavyopanda, na nusu uhai hurefuka. Anayetumia miligramu 300 kwa siku, kiwango chake kikiwa kimekaribia kinachotakiwa, ukimwongezea 100 anaweza kuanza kuyumba na macho kumchezacheza. Mwongezee 25 hadi 50.