Je, wajua kwa nini kwa Wakorea wengi wa Marekani mtoto ndo anaongea na benki?

Iko hivi. Marekani ilibadili sheria ya uhamiaji mwaka 1965, Wakorea wakaanza kuingia kwa wingi, wengi wakatua Los Angeles na New York, na baadhi yao walikuwa na digrii zao kabisa ila Kiingereza kikawakwamisha, wakaishia kufungua magrosari na madrai klina. Sasa uko dukani asubuhi mpaka usiku, mwenzako wa kazi Mkorea, kanisani Wakorea, Kiingereza utakijulia wapi? Mtoto yeye yuko shule kutwa, miaka miwili mitatu anakimwaga kama kazaliwa huko.

Hapo ndo mambo yanapinduka. Barua ya kodi anasoma mtoto, bima anapiga simu mtoto, hata kikao cha mzazi na mwalimu mkalimani ni yeye (na mwalimu akisema huyu hafanyi homuweki, we unadhani mama ataambiwa hivyohivyo?). Mchana kamuona mzee anababaika mbele ya karani, jioni mzee huyohuyo anataka asibishiwe.

Na heshima ya Kikorea si mchezo, iko mpaka ndani ya kitenzi, ukiongea na mkubwa mwisho wa kitenzi unabadilika. Kijana akijibu kwa Kiingereza hizo ngazi zote hazipo, yeye anaona kajibu kawaida tu, baba anasikia mtoto aliyempita bila shikamoo. Macho nayo: mwalimu anataka umtazame, nyumbani ukigombezwa unatazama chini.

Samahani ndo usiseme. Wazazi wengi hawaitamki, mama atamenya pea, akate vipande, aweke na uma, apeleke chumbani bila neno. Kwake ugomvi umekwisha. Kijana kazoea wazazi wa rafiki zake wanaosema wazi, anakula huku bado kanuna.

Ila mi naona kubwa kuliko yote linalogombanisha mzazi na mtoto ni hili: mzazi alihama na Korea ya mwaka aliotoka. Aliyeondoka Seoul 1980 analea kwa sheria za 1980, hataki kusikia habari za boifrendi wala nywele za rangi, kumbe huko nyuma Seoul yenyewe ilishasonga, binti akienda likizo anakuta binamu zake wana nywele za pinki na shangazi wala hana habari, na akirudi California na hiyo hoja, weee, nyumba haitalala.